Turbo Mbili za Kaka

Tangu siku tuliyomzika kaka, gari lake lilikaa kwenye banda la kahawa nyumbani kwetu Kishanda, kati ya magunia ya buni na bomba la kunyunyizia dawa. Lilikuwa gari la Kijapani la milango miwili, la chini mno. Ukikaa ndani unanyoosha miguu kama mgonjwa kitandani. Injini yake ilikuwa na silinda sita na turbo mbili. Kaka alilinunua Dar es Salaam likiwa la kawaida, akaliongezea vitu kidogo kidogo kila alipopata nafasi: pampu ya mafuta yenye nguvu zaidi, rejeta kubwa ya kupoza hewa, ekzosi pana, na chini ya boneti kikoki kidogo cha shaba cha kupandishia presha.

Kila Krismasi alikuja nalo mpaka nyumbani. Tulimsikia akiwa bado huko chini kwenye lami, ile filimbi ya turbo ikipanda na kukatika, ikipanda na kukatika. Akifika alizima injini, akafungua mlango wa abiria na kumwita baba, na kila mwaka maneno yake yalikuwa yale yale.

"Taata, panda nikuonyeshe kitu."

Baba hakupanda hata mara moja. Alisema gari la mtu mwenye akili linabeba mikungu ya ndizi, na lile halikuweza kubeba hata mche wa mgomba. Kaka alicheka, akafunga mlango. Krismasi ya mwisho hakumwita, kwa sababu ugonjwa wa ini ulikuwa umeshamchosha na gari lilikuja likiendeshwa na rafiki yake. Baba alisimama kando ya mlango wa abiria kwa muda, kama mtu anayengoja kuitwa. Kaka alipita akiegemea ukuta, akaingia ndani kulala.

Mimi ndiye mdogo wake, na ndiye niliyeachiwa funguo. Sikusomea ufundi popote. Nilijifunza kwa simu, nikitazama video za watu wa nchi ambazo lugha zao siijui, nikisimamisha picha na kuirudisha mpaka nione mkono wa fundi umeshika nini. Nilikuwa nimepanga chumba Bukoba mjini, na nilijipatia riziki kwenye uwanja wa mafundi kwa kurekebisha magari ambayo wenzangu waliyachoka. Sifa niliyokuwa nayo ilikuwa moja: nilirudia kazi mpaka iwe sawa. Watu waliiita umakini. Ukweli ni kwamba ilikuwa hofu. Nikikaza nati, nilirudi kuishika tena. Nikishaondoka nilirudi kutoka barabarani kuishika mara nyingine. Kabla ya kulijaribu gari la mtu nilijificha nyuma ya choo nikatapika, kisha nikanawa uso na kurudi nikipiga mluzi, wasinijue. Naandika haya waziwazi kwa sababu bila hayo yaliyofuata hayaeleweki.

Shangazi yangu, dada yake baba aliyeolewa Kashozi, aliniita nshomile wa simu. Kwetu nshomile ni msomi anayejionyesha, na yeye alilitamka neno hilo kama anayetema kokwa.

Ilikuwa msimu wa kuchuma kahawa baba aliponitajia jambo la gari. Tulikuwa kibanjani, shamba letu la migomba na kahawa nyuma ya nyumba, yeye upande mmoja wa mbuni, mimi upande wa pili, hatuonani nyuso. Sisi nyumbani huongea Kihaya. Hapa nayaandika kwa Kiswahili nikijua kwamba mengine yanapotea.

"Lile gari," alisema, "unaweza kulifanya liwe kama alivyoliacha?"

"Linawaka, taata."

"Sikuuliza kama linawaka. Nimeuliza kama linaweza kuwa kama lilivyokuwa pale alipokuwa ananiita."

Akaendelea kuchuma, nikasikia buni zikidondoka kapuni.

"Likiwa hivyo," alisema, "siku ya misa yake ya mwaka nitapanda."

Akahamia mbuni mwingine. Lakini nilijua analala na kitu gani kifuani. Mama aliwahi kunieleza kwamba baba huamka alfajiri, akaenda bandani, akashika kitasa cha mlango wa abiria, akarudi. Mzee wangu alikuwa ameshakataa mwaliko wa mwanawe kwa miaka yote ile. Alikuwa anaomba nafasi ya kuukubali, na hakuwa na mtu mwingine wa kumwomba isipokuwa mimi.

Turbo ni feni inayozungushwa na moshi wa injini yenyewe, ikasukuma hewa kwa nguvu ndani ya silinda. Hewa ikiongezeka na petroli ikiongezeka, nguvu inaongezeka. Lakini presha ikifika mahali pake lazima kuwe na mlango wa kuupitisha moshi pembeni. Mlango usipofunguka feni itazidi kukimbia mpaka injini ijiue. Mlango huo hauna akili yake. Unaambiwa na mpira mwembamba kama kalamu, unaopeleka presha kutoka kwenye turbo. Kikoki cha kaka kilikaa njiani kwenye mpira huo. Ukikikaza, mlango unachelewa kufunguka na presha inapanda. Ukikilegeza, unawahi, presha inashuka. Nguvu yote ya lile gari ilitegemea neno linalopita ndani ya kampira kale.

Kwenye kioo cha geji ya presha kaka alikuwa ameweka alama nyekundu kwa rangi ya kucha ya mchumba wake. Pale ndipo mshale ulipotakiwa kusimama. Alama ilikuwa juu ya kiwango cha kiwandani kwa mbali, na juu ya kiwango ambacho mimi, kwa hofu zangu, ningekubali.

Nilianza kwa kukilegeza kikoki mpaka mwisho. Nikabadilisha oili, plagi na mipira yote iliyokakamaa. Panya walikuwa wamezaa juu ya betri. Niliwatoa, nikatega mitego. Kisha kila mwisho wa juma nilipanda kutoka Bukoba, nikalitoa gari bandani, nikashuka nalo polepole kwenye vumbi jekundu mpaka lami, nikaelekea Muleba. Nilikanyaga mafuta mpaka mwisho kwenye mlima mmoja tu, ule ule, saa ile ile ya asubuhi yenye ubaridi, ili nisidanganywe na hali ya hewa. Nilitazama mshale, nikasikiliza kama injini inagonga. Nikarudi, nikafungua plagi nikazisoma rangi. Zikiwa na rangi ya kahawa iliyokaangwa kidogo, nilikaza kikoki kiasi cha upana wa ukucha. Zikiwa nyeupe nililegeza, nikatafuta petroli kwenye kituo kingine, nikaanza upya.

Baba alikuwa akiningoja mlangoni mwa banda.

"Imefika?"

"Bado kidogo, taata."

Nilisema bado kidogo mpaka maneno yakawa kama salamu yetu. Mshale ulikuwa umeisogelea alama nyekundu kiasi kwamba mtu mwingine angesema imefika. Mimi niliona ule uwazi mwembamba kama uzi, na uwazi ule ulinikosesha usingizi. Nilitaka kumpa baba presha ya kaka, siyo presha inayofanana na ya kaka. Na bado kila nilipoinyoosha bisibisi kumalizia, niliirudisha mfukoni.

Shangazi alipokuja kututembelea aliketi kwenye gogo akanitazama nikipima urefu wa mpira kwa rula.

"Hilo gari linaandaliwa kuliko bibi harusi," alisema. "Bibi harusi mwenyewe angekuwa ameshazeeka."

"Mwache," baba alimwambia. "Anafanya kazi."

"Kazi gani? Angekuwa huyu ndiye aliyeumba dunia, tungekuwa bado Jumatano."

Hata mama alicheka huko jikoni. Nilicheka pia, lakini maneno yale yaliingia ndani yakakaa.

Asubuhi mshale ulipogusa alama nilikuwa peke yangu mlimani. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha na lami ilikuwa inatoa ukungu. Nilikanyaga, filimbi ikapanda, mshale ukapanda nayo, ukasimama juu ya ile rangi ya kucha, ukatulia pale kama umewekwa kwa mkono. Injini haikugonga. Niliachia mafuta, nikapaki pembeni na kulia kwa sauti, kichwa juu ya usukani. Sikumlilia kaka siku ya maziko. Nilikuwa nahesabu viti na kuhakikisha maturubai yamefungwa vizuri. Nilimlilia siku ile.

"Imefika," nilimwambia baba.

Aliitikia kwa kichwa, akaenda kunoa panga ambalo lilikuwa kali tayari.

Siku ya misa ilikuja na manyunyu. Niliamka nikiwa na orodha nzima kichwani: klipu za mipira, maji ya rejeta, mkanda, kikoki, ule mpira mwembamba, na mwisho klipu tena. Nilikwenda bandani na tochi. Nilimkuta baba amesimama mbele ya gari, ameshavaa koti lake la misa, mkono wake juu ya boneti iliyofungwa.

"Leo hufungui," alisema.

"Naangalia tu, taata. Dakika moja."

"Jana umeangalia. Juzi umeangalia. Mwanangu, unakonda." Hakuondoa mkono. "Nakuomba, leo kaa kama mtu. Tumzike vizuri huyu kaka yako."

Shangazi, aliyekuwa amelala kwetu, alipiga kelele kutoka uani. "Mnyang'anye tochi hiyo!"

Nilisimama pale. Kila kitu ndani yangu kilitaka kufungua boneti, na kila kitu ndani yangu kilijua kwamba huo ndio ugonjwa wangu. Watu wote walionipenda walikuwa wakiniambia kwa miaka niache wasiwasi. Nikajisemea, basi, leo jaribu kuwa mzima. Nikazima tochi, nikamfuata baba ndani kunywa chai.

Misa ilisomwa. Tukasimama kaburini kibanjani, majani ya migomba yakidondosha maji juu ya mabega yetu. Tukala. Wageni walipewa buni za kutafuna, wazee wakaanza lubisi, pombe yetu ya ndizi, na mchana ulipopinduka baba alinyanyuka bila kuniangalia, akaenda kusimama kando ya mlango wa abiria.

Hapo nilielewa kwamba anangoja kuitwa. Niliingia upande wa usukani, nikamfungulia mlango kutoka ndani.

"Taata, panda nikuonyeshe kitu."

Aliingia kwa shida, goti moja kwanza, akavua kofia. Nilimfunga mkanda. Tulishuka kwenye vumbi lililolowa. Tulipofika lami aliuliza kama kaka alikuwa akikimbiza hapa au mbele. Nikamwambia mlimani.

"Basi kimbiza kama yeye. Usinihurumie."

Chini ya mlima nilishusha gia, nikakanyaga.

Gari lilitusukuma mgongoni. Filimbi ilianza chini, ikapanda, na baba akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kinywani mwake, kisha akaanza kucheka. Alicheka kama mtoto anayebebwa juu, akipiga goti kwa kofia. "Ee waitu! Ee waitu!" alisema. Nilitazama geji. Mshale ulifika kwenye alama nyekundu, ukaipita.

Hapa sitaki kujificha. Niliuona mshale ukipita. Mguu wangu ungeweza kunyanyuka pale pale, na siku nyingine yoyote ungenyanyuka wenyewe. Lakini baba alikuwa anacheka, na hakuwa amecheka tangu kifo, na nguvu ile iliyokuwa inamchekesha ilikuwa nzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kutengeneza. Nilimwachia acheke kidogo tu. Kisha injini ikagonga, sauti ya buni kavu zikitikiswa kwenye debe, gari likajikwaa, na moshi mweupe ukajaa nyuma yetu.

Niliachia. Tukateleza mpaka pembeni, pakawa kimya, mvua ikidondoka juu ya boneti na kufuka.

Nilitoka nikaifungua. Sikuhitaji kutafuta. Pale ulipotakiwa kuwa ule mpira mwembamba mweusi niliouweka mwenyewe, palikuwa na mpira mwingine, wa kijani, uliolainika kwa joto la turbo ukajikunja na kujibana kama mshipa. Presha haikupata njia. Mlango haukuambiwa chochote. Ulikuwa mpira wa bomba la kunyunyizia kahawa. Bado ulikuwa na ukoko wa buluu wa mrututu, ile dawa ya kahawa, ndani yake. Ncha zote mbili zilikuwa zimefungwa kwa uzi wa nailoni, fundo juu ya fundo, ncha ya uzi imerudishwa chini isichome mkono. Nyumbani kwetu ni mtu mmoja tu anayefunga hivyo. Ndivyo alivyofunga miche, milango ya kuku, na viatu vyetu tulipokuwa wadogo.

Baba alikuwa ametoka ndani ya gari, amekaa kwenye jiwe la ukingo wa barabara, kofia mkononi. Uso wake ulikuwa bado na mabaki ya kicheko.

"Kumbe ndicho alichokuwa ananiitia," alisema. Kisha akautazama moshi. "Limekufa?"

"Limeumia, taata."

"Ni mimi? Nilikwambia ukimbize."

Nilikuwa nimempa mgongo. Nilikata uzi kwa kisu, nikauchomoa ule mpira ukiwa bado wa moto, nikautia mfukoni. Uliniunguza pajani.

"Hapana," nilisema. "Nilizidisha presha. Nilikosea kupima."

Nilipogeuka niliona mabega yake yameshuka, kama ya mtu aliyetuliwa mzigo ambao alishaanza kuuinua.

Pikapu ya mfanyabiashara wa ndizi ilituvuta mpaka nyumbani. Wageni walikuwa bado uani. Shangazi alisimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni, akalitazama gari likiingia kwa kamba.

"Nshomile wa simu! Mwaka mzima unapima kwa rula, na bado umeliua gari la marehemu?"

"Nilizidisha presha, shangazi."

"Hiyo simu yako haikukwambia?"

Watu walicheka kwa upole, kama watu wanavyocheka matangani, na nilibaki nimesimama mbele yao mpaka walipochoka. Baba aliwaambia, "Mwacheni. Bado anajifunza."

Nilipofungua injini nilikuta pistoni mbili zimevunjika kingo na gasketi imeungua. Habari ilishuka mpaka Bukoba kabla yangu. Pale uwanjani nilikuwa mtu aliyepasua injini ya kaka yake, na mteja mmoja aliyekuwa ameniachia gari lenye turbo alikuja kulichukua, akisema kwa adabu kwamba amepata dharura. Niliona gari lake baadaye kwa fundi mwingine. Mchana ule sikuweza kushika spana. Nakiri kwamba nilimchukia baba. Nilikuwa nimetapika nyuma ya choo kwa miaka ili nisisemwe hivyo, na nikasemwa hivyo kwa kosa ambalo sikulifanya. Kuna safari nilipanda Kishanda nikiwa nimeyapanga maneno ya kumwambia, sentensi kwa sentensi. Nikifika alikuwa ananitolea kiti, ananiuliza kama nimekula.

Sasa naye tumemlaza kibanjani, karibu na kaka, ndiyo maana naweza kuyaandika. Gari bado liko bandani. Silinda zimechongwa upya na pistoni zimekuja, lakini sijaifunga injini, kwa sababu simjui nitakayemwita apande.

Kinachonirudia si ule mlima. Ni asubuhi iliyofuata misa, wageni wakiwa wameondoka. Nilikuwa bandani nikimwaga oili iliyochanganyika na maji. Baba aliingia polepole, akaangalia nyuma kama shangazi yuko karibu, akanisogelea.

"Kuna kitu sikukwambia," alisema. "Jana alfajiri niliona panya ametafuna ule mpira wako mdogo pale juu. Ulikuwa umelala, nikasema nisikuamshe. Nikakufungia mwingine, mzuri, mzito kuliko ule. Ulishika?"

Niliinama juu ya beseni la oili. Maneno yote yalikuwa mdomoni.

"Ulishika, taata."

"Nilijua utashika. Kamba yangu haifunguki." Akatoa mkono uliokuwa nyuma yake. Alikuwa ameshika kipande kingine cha mpira wa kijani, kimekatwa kwa urefu ule ule, kimeoshwa mpaka ndani. "Nimekukatia na wa akiba. Ukilitengeneza tena, utauhitaji."

Nilifuta mikono kwenye suruali. Nikaupokea kwa mikono miwili.